Usikandamize

Saa kumi na moja alfajiri, mji wa Kyjov, Januari.
Naketi ukingoni mwa kitanda nalijaribu taya langu
kama bawaba ya lango lililogongwa na trekta:
kushoto, ta!
kulia, kimya.
Kushoto tena, ta!

Kwenye kioo yupo mtu aliyelalia ramani.
Mfereji mwekundu unashuka kutoka kwenye mwamba wa pua
hadi pembe za mdomo; mikanda imechora barabara mashavuni,
na meno ya mbele yanauma
kana kwamba kidole kimeyasukuma usiku kucha.
Drahomíra anasema nafanana na farasi aliyevuliwa hatamu.
Anasema kwa upendo. Napokea hivyo hivyo.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo.
Kabla yake pumzi ilikatika mara thelathini kwa saa,
vifo vidogo vidogo nisivyovihudhuria,
na yeye gizani akihesabu: kumi na saba, kumi na nane,
kiwiko tayari.
Sasa analala. Miezi minne analala, mashavu yamemrudia.
Ndiyo maana sikusema neno kuhusu taya.

Nilikaza tu.
Upepo ulipovujia jichoni, nilikaza.
Ulipopiga mluzi kando ya sharubu, nilivuta mkanda
upana wa kidole zaidi,
mpaka kidevu kikarudi ndani kama droo
na mkate nikawa nauchovya kwenye supu
nikilalamika kwamba waokaji wa siku hizi wanaoka mawe.
Tofaa nikawa nalikata vipande vya kitoto,
nikiwa nimegeukia dirisha.
Kwenye harusi ya kina Hrubý sikupiga tarumbeta;
nilisingizia mafua.

Fundi wa barakoa kule Brno anaitwa Thuý,
binti wa wauza mboga, Kicheki chake kinanishinda mimi.
Alinilaza chali juu ya karatasi inayochakarika,
akaiwasha mashine kwa nguvu zake za usiku.
"Umekuwa ukiipima ukiwa umekaa?
Uso ulioketi si uso uliolala, baba. Nyama huhama."
Kisha akalegeza mikanda.
Yote.
Nikainua mkono kumzuia.
"Usikandamize," akasema. "Hewa ndiyo inayoijaza. Iache ielee."

Nilicheka humo ndani, kicheko kikavuja pande zote.

Miaka thelathini na minane, chumba cha chini cha shule ya muziki,
kila Jumanne, watoto wenye midomo iliyovimba
na pete nyekundu ya kipulizio usoni,
wakiisaka sauti ya juu kwa kusukuma shaba kwenye meno.
Na mimi, penseli ikigonga meza:
Usikandamize! Pumzi ndiyo ipigayo. Mkono unashika tu.
Matěj, ambaye leo anafunga mabomba, alilia
siku niliyomwamuru aishike tarumbeta kwa vidole viwili.
Sauti ilitoka. Nyembamba, yenye magoti dhaifu,
lakini ilitoka, naye akaitazama tarumbeta
kama iliyomsema kwa jina.

Mganga hajigangi, sawa.
Lakini hata kujisikia?

Jana usiku niliivaa nikiwa chali, mikanda ikining'inia
kama ya suruali ya mtu mwingine.
Ukingo wa silikoni ukavimba taratibu, ukatua.
Taya likabaki mahali lilipozaliwa.
Sisemi limepona; asubuhi hii bado linasema ta,
ila kwa sauti ya mtu aliyemaliza hoja zake.

Saa tisa ilivuja. Mluzi mwembamba, chini ya jicho la kulia.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkanda.
Mkono mwingine ukaudaka njiani, wa moto, wa usingizi.

"Acha," akasema Drahomíra, macho amefumba.
"Halafu mambo ya tofaa nayajua."